Kozi Haifunguliwi kwa Mtu Mmoja

Binti yangu wa pili tunamwita Mbishi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu mdogo, ukimwambia maji yamechemka, anakuuliza umejuaje. Mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwa akiniita kila mara: "Mama, huyu mtoto ananimaliza." Alipoingia chuo kusoma hesabu nilishukuru. Nikasema huko kumejaa wabishi, watakomeshana wenyewe.

Mimi ni dobi, na kibanda changu kiko nyuma ya mabweni ya chuo hichohicho. Mambo ya wanafunzi nayasikia hata nisiyoyataka. Ndiyo maana nilijua kwamba mwenye hesabu kama somo kuu lazima apite kozi ya uthibitisho, ile ambayo jibu peke yake halitoshi, mpaka uonyeshe kwa nini haliwezi kuwa jingine. Mwenye hesabu kama somo dogo halazimiki.

Muhula wa mwisho ulipoanza, Mbishi alirudi nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Mama, kozi ya uthibitisho haifunguliwi. Nimejiandikisha peke yangu. Tusipofika watano, haipangiwi mwalimu."

"Wenzako je?"

"Wamehamia somo dogo. Mshauri wa masomo anasema nami nihamie. Eti kwa msichana, hesabu ndogo inatosha."

Damu ilinichemka. Mtoto amekesha na namba miaka yote hiyo, leo aambiwe nusu inamtosha?

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mshauri. Hakuinua hata uso kutoka kwenye kompyuta yake.

"Kanuni ni kanuni, mama."

"Kanuni gani hiyo? Mnamwambia mtu lazima avuke mto, halafu mnang'oa daraja!"

"Basi niletee watano," akasema, akacheka.

Nikatoka bila kuaga.

Kibandani nikamkuta Twiga, kijana mrefu wa darasa la binti yangu, amefuata suruali yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ingawa hustahili. Kwa nini mmemkimbia mwenzenu? Mnaogopa kozi?"

"Kozi ni ngumu, mama, ila..."

"Ila nini? Sema, la sivyo leo utavaa shuka."

Akakuna kichwa. "Hatukukimbia kozi, mama. Tumemkimbia Mbishi. Ukikosea ubaoni anacheka mpaka anashika tumbo. Mimi aliniambia mbele ya darasa zima kwamba hata mwiko una akili kunizidi."

Pasi niliyokuwa nikiipitisha juu ya suruali yake ikasimama palepale. Hasira hasara: harufu ya moshi ndiyo iliyonizindua, na goti la suruali ya Twiga lilikuwa limeshaungua.

Jioni nilimsubiri binti yangu mlangoni.

"Ulimwita mwenzako mwiko?"

"Lakini alikosea, mama."

"Sikukuuliza kama alikosea! Nani atakubali kukaa na wewe muhula mzima akitukanwa? Mshauri ni mpumbavu, naye nitapambana naye. Lakini hawa wenzako umewafukuza wewe. Kesho nenda ukawaombe radhi."

"Siwezi."

"Basi chukua hiyo hesabu ndogo, tumalize."

Alinitazama kama niliyempiga kofi. Chakula hakugusa.

Kesho yake nilikuwa naanika mashuka nilipomwona akiwafuata Twiga na wenzake watatu kwenye benchi la nje ya bweni. Maneno sikuyasikia. Niliona Twiga amekunja mikono, mwingine amegeuza uso kabisa. Kisha Twiga akaokota kijiti, akaandika kitu mchangani, akamtazama. Alikuwa anampima.

Mbishi alifungua mdomo. Akauziba kwa kiganja. Nilikunja shuka mbichi kifuani mpaka nguo yangu ikalowa. Akachuchumaa, akanyoosha kidole mahali fulani, akasema neno moja la taratibu. Twiga akafuta mwenyewe, akaandika upya, na safari hii wakacheka wote.

Walijiandikisha siku ileile, wakatimia watano, na kozi ikafunguliwa. Mshauri sijamsamehe, akipita kibandani najifanya nahesabu vibanio. Na Mbishi akirudi jioni, kabla sijamwuliza amejifunza nini, namwuliza leo amemcheka nani.