Kwa Nini Shemeji Anataka Mbwa Wangu Afe?

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana gazeti lenu linasomwa mpaka hapa kwetu kwenye kituo cha kuuzia majani chai.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mjane, nina watoto watatu. Naishi upande wa Kimulot, na kinachotulisha ni shamba la majani chai alilotuachia marehemu. Limepakana na la kaka yake mkubwa, shemeji yangu. Kule chini mpakani, ukiwa nyumbani kwangu huwezi kuona anayeingia. Aliyekuwa akinilindia huko ni mbwa wetu, Tomi.

Mwezi uliopita Tomi alirudi asubuhi akining'iniza mguu wa nyuma, goti limevimba kama kiazi. Nikamwita daktari wa mifugo, huyu anayetibu ng'ombe zetu. Akalipapasa, Tomi akalia mpaka na mimi nikalia. Akasema, "Mama, hii si gari. Imepigwa na kitu. Lakini itapona. Mfunge asiruke, mpatie hii dawa. Ikikataa, tutapasua." Bei ya kupasua ilikaribia kumaliza bonasi yangu yote ya majani ya mwaka. Nikalipia dawa tu.

Basi Tomi akafungwa, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Nyinyi wa majani mnajua, ukimaliza sehemu moja unahamia nyingine, halafu unarudi ya kwanza ikiwa imechipuka. Mimi nikifika kule chini raundi yangu ikifika, nakuta majani yameshachumwa, tena na mtu anayejua kazi. Mara ya kwanza nikadhani nimechanganyikiwa. Mara ya pili, aki, nilisimama nikaangalia nyumba ya shemeji.

Jumapili shemeji akaja mwenyewe, yeye ambaye tangu tuzike hajaniletea hata chumvi. "Shemeji, unajisumbua na hii mbwa ya nini? Mbwa ya miguu tatu itafukuza nani? Achana nayo, mimi nitaongea na daktari."

Na akaongea kweli. Daktari yule yule akarudi bila kuitwa. Tomi ameanza kukanyagia ule mguu, lakini hata kumshika hakumshika. Akasema, "Hakuna tumaini. Mwisho wa mwezi nitakuja nimpige sindano alale. Usijali malipo." Usijali malipo! Mtu anayenitoza mpaka petroli ya pikipiki!

Ningepiga kelele, lakini Disemba kijana wangu anatahiriwa, na kwetu mama hana nafasi huko. Wa kumsimamia ni shemeji. Nikimwita mwizi leo, kijana wangu atasimamiwa na nani? Mama mkwe ameshaniambia, "Unataka kuvunja boma kwa sababu ya mbwa?" Na mimi pia usingizi hauji, kwa sababu pengine namsingizia mtu. Sijamshika. Sina shahidi.

Nikikataa sindano, atajua ninachomfikiria. Nikikubali, nitakuwa nimemfungulia shamba, na watoto watakula nini? Jana amenitumia jembe lake, eti nichimbe shimo mapema, ardhi ingali laini. Liko hapa mlangoni, na Tomi amelala kando yake. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?