Mlango Nilioupiga Kila Ijumaa

Mie mstari uliopinda huniudhi. Huniudhi kweli, kama mtu anayetafuna mdomo wazi. Nikipiga picha ya mlango, miimo yake, kushoto na kulia, lazima isimame wima na kizingiti kilale sawa, la sivyo haionwi na mtu. Wenzangu wanapiga maharusi. Mie nazunguka Temeke na Kinondoni natafuta milango ya zamani, kabla haijang'olewa watu waweke mageti ya chuma.

Nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa shangazi yangu, Temeke. Mbao mbili za mvule, nakshi kidogo juu, komeo zito. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, ikapigwa plasta ya saruji baadaye. Yeye na marehemu baba walizaliwa humo. Sasa alibaki peke yake, na chumba chake kilikuwa palepale ukiingia, mkono wa kulia. Kitanda kiligusa ukuta wa mbele.

Kila Ijumaa baada ya swala nilimpitia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kunitazama mimi au mlango?"

Masika yaliyopita alianza kulalamika. Jirani alikuwa amejenga ghorofa, na maji yake yote ya mvua yakawa yanamwagika kwenye msingi wetu. "Mlango unagoma," shangazi akasema. Seremala akaja na randa, akaupunguza. Baada ya wiki mbili ukagoma tena, akaupunguza tena. Mie nikayapiga picha yale maranda pale kizingitini, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

"Na hizi ndimu zangu zinatembea," akaniambia. Akaweka moja sakafuni. Ikabiringika taratibu, bila kusukumwa, mpaka ikagota ukuta wa mbele. Nikacheka. Ee Mola, nilicheka.

Nikirudi kwangu Mabibo nafungua picha kwenye kompyuta, naona miimo imelala upande. Nikaulaumu mkono wangu. Nikavuta kile kialama cha programu cha kunyooshea picha mpaka mistari ikasimama. Ijumaa iliyofuata miimo imelala zaidi, nami nikavuta zaidi. Ajabu ni kwamba kila nilipounyoosha mlango, ghorofa la jirani pembeni mwa picha liliinamia upande wa pili. Jambo hilo lilitakiwa kunishtua. Nikalikata tu lile ghorofa, nikabaki na mlango, umenyooka kama rula, nikautuma kwenye grupu la familia.

Wiki hiyohiyo shangazi akatuma sauti kwenye grupu. Alimwomba kaka yangu mkubwa, anayekaa Madale, amletee fundi mwenye timazi aupime ukuta kama umesimama sawa. "Naogopa kulala mle," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi.

Kaka akajibu: "Shangazi, si picha hii hapa ya juzi? Nyumba imenyooka kuliko yangu. Usitutishe bwana." Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mie nikaweka kopa jekundu, maana picha yangu ilikuwa imesifiwa.

Ijumaa nilimkuta barazani. Hakunitania. Juu ya mlango palikuwa na mwanya, ameujaza kipande cha kanga ili mbu wasipite. Ijumaa ya nyuma mwanya ule haukuwepo.

"Wamesema picha imenyooka," akasema. Halafu, kama anayeomba radhi: "Labda ni macho yangu."

"Uzee huo, shangazi," nikamwambia. Nikamwomba asimame mlangoni, ashike mwimo, nimpige na yeye. Akasimama. Akatazama juu mara moja, haraka, kisha akanitazama mimi.

Jumanne mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alasiri simu ikaita. Shangazi alikuwa amejilaza baada ya kuswali adhuhuri, na ukuta wa mbele ukaangukia ndani, juu ya kitanda. Nilipofika, majirani walikuwa wameshamfukua kwa majembe na mikono. Machela haikuwepo, gari lilikuwa mbali, basi wakamlaza juu ya ubao wa mlango na kumbeba hivyo hadi barabarani. Mbao zile hazikuwa na hata ufa. Hakufika hospitali.

Tukamzika siku ya pili. Msibani kila mtu alisema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia, nikanywa chai yao. Sikuwaambia kitu. Nilikuwa mwoga, na bado ni mwoga, ndiyo maana naandika badala ya kusema.

Siku ya arobaini kaka akaniandikia kwenye grupu: "Tutumie ile picha yake ya mwisho, pale mlangoni."

Nikaifungua kama ilivyotoka kwenye kamera. Shangazi amesimama wima, mkono kwenye mwimo. Pembeni ghorofa la jirani limesimama wima. Katikati yao mlango na ukuta mzima vimeinama, kiasi kwamba mtoto angeona. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kialama. Nikaurudisha, nikaituma hivyohivyo.

"Mbona imepinda?" kaka akauliza. "Inyooshe basi, wewe si fundi?"

"Picha haijapinda," nikaandika. "Zile nyingine zote nilizinyoosha mie."

Alama za kusomwa zikatokea, moja baada ya nyingine, mpaka watu wote wa grupu wakawa wameisoma.