Mzee Aliyeyapa Magari Mgongo

Nyie wasomaji wangu mnanichosha. Wiki iliyopita nilirusha video ya sekunde ishirini, magari ya zamani ya rali yanapita kwenye vumbi la njia ya Kisiwani, huku Same, na mmeniletea komenti mia nne. Ile ya bluu ya mwaka gani. Injini inakula lita ngapi. Wachache wenu mkamwona mzee wa koti la kijivu pembeni, mkacheka: "Babu kapotea, magari yako huku yeye anaangalia kule." Basi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anaangalia nini.

Mimi nilimfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mbona huangalii magari?"

"Magari nimeshayaona. Namtafuta mtu."

Anaitwa Eliamini, wa Mhezi, kule juu milimani karibu na Chome. Alishuka na bodaboda alfajiri, akasimama kwenye jua kwa muda wa saa saba nzima akikagua nyuso za watazamaji, mmoja mmoja. Anayemtafuta ni Abdulmajid, aliyekuwa dereva wake. Alijiambia kama Abdulmajid bado yupo duniani, mbio kama hizi zitamtoa ndani. Hakutokea.

Nikampeleka mjini Same akanywe chai kabla ya kupanda mlimani kwao. Jirani na mgahawa kuna gereji ya Kassimu, na Kassimu alipomwona tu akaacha spana.

"Mzee wa Ndiva! Leo zamu ya maji ya nani?"

"Ya mama yako," Eliamini akajibu, na gereji nzima ikacheka. Yeye pia alicheka. Kisha akakaa akaangalia chai mpaka ikapoa.

Utani huo una karibu miaka arobaini. Mwaka 1986 kulikuwa na mbio za siku mbili, kutoka pwani hadi Moshi, na kipande kimoja kilipanda milima yetu. Siku hizi washindani wana malori ya mafundi na mitambo ya kuonyesha njia, helikopta inawazunguka juu. Wakati ule mlikuwa wawili, madumu ya petroli nyuma, mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko. Abdulmajid, mtoto wa muuza vitambaa wa Same, alichukua Pijo 504 ya baba yake, gari pekee la duka. Awe msoma ramani wake, wa kukaa kushoto na kumsomea kona, akamchagua Eliamini. Watu wa mjini wakamshangaa, eti kwa nini mtu wa mlimani ambaye hata leseni hana?

Sababu ilikuwa maji. Kama hujakulia Upareni nikueleze haraka. Ndiva ni bwawa dogo la kijiji. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Mifereji mingine inakatiza barabara. Dereva mgeni hajui ni saa ngapi atakuta pakavu na saa ngapi atakuta utelezi. Eliamini alijua zamu zote, mfereji kwa mfereji. Kwenye daftari lake, kona ya chini ya Mhezi, aliandika: "Kushoto kali, mfereji, pakavu, usipunguze." Jumamosi saa nne asubuhi maji huwa bado yako mashamba ya juu. Alikuwa na uhakika.

Walifika pale wakiwa wa tatu. Abdulmajid hakupunguza. Barabara ilikuwa tope tupu. Pijo ikateleza, ikapiga ukingo, ekseli ikakatika na Abdulmajid akavunjika mfupa wa bega.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Sikusema kitu. Yeye ndiye alisema. Aliangalia wale watu wote wamejipanga juu ya kingo, akasema, watu wako wametufungulia maji. Wamefanya makusudi, hawataki mtu wa tambarare ashinde kwao."

"Na walifanya makusudi?"



"Jumapili kabla ya mbio," akasema, "kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama. Nikasema Jumamosi saa nne mtaniona ndani ya gari la mashindano, asikose mtu. Nilijisikia sana siku hiyo. Sasa wenye zamu wakawaza: tukimwagilia shamba moja baada ya jingine kama kawaida, itafika jioni, tutamkosa Eliamini. Wakafungua yote kwa mkupuo saa moja asubuhi ili wamalize mapema. Mfereji ukashindwa, ukamwaga barabarani. Wale waliojipanga kwenye kingo walikuja kunishangilia. Mama yangu alikuwa amevaa nguo ya kanisani."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia ni mimi niliyewaita? Kwa mdomo wangu?"

Nilitaka kumgombeza. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kijana wa miaka ishirini na saba anaona aibu ya kujisifu, anamwacha rafiki yake aamini kwamba kijiji kizima kinamchukia. Lakini ukimwona alivyoshika kile kikombe unafunga mdomo.

Baba yake Abdulmajid alichukua funguo, na mtoto hakushiriki mbio tena. Mwaka 1991 waliuza nyumba wakahama. Wengine wanasema Tanga, wengine Mombasa, mmoja aliniambia Maskati, Omani. Eliamini amewahi kwenda Tanga mara mbili kuuliza msikitini, akaambiwa akina Abdulmajid wapo kumi na moja, wa Same hayupo.

Siku mbili baadaye nilipanda Mhezi. Mke wake, Dorkas, amefariki miaka minne sasa. Watoto wako Dar, wanapiga simu sikukuu. Mzee alinipakulia makande kwenye sahani ya wageni, yeye akala kwenye sufuria. Jioni akachukua lile daftari, tukatoka.

Nilidhani tunaenda kutembea tu. Kumbe anazisoma zile kona, kwa sauti, kama yuko kwenye gari. "Kulia, mita themanini. Daraja. Kulia tena, jiwe." Nusu ya kona hazipo, barabara imepanuliwa na jiwe limevunjwa zamani. Anasoma hivyo hivyo. Nikasogea upande wake wa kulia ili nimsikie vizuri. Akanishika mkono taratibu akanirudisha nyuma. Ndipo nikaelewa kwamba anatembea upande wa msoma ramani, na wa kulia, wa dereva, haukai mtu.

Tulipofika kwenye mfereji alifunga daftari. Akaniambia niandike kila kitu na jina lake nisilifiche.

Sasa nisikilize. Kama unamjua Abdulmajid, mtoto wa muuza vitambaa wa Same, aliyevunjika bega rali ya 1986, sasa atakuwa na miaka kama sabini, mpigie leo. Usianze na salamu nyingi. Mwambie watu wa Mhezi walifungua maji mapema ili wawahi kumwangalia Eliamini akipita, na aliyewaita ni Eliamini mwenyewe. Akisema hataki kusikia habari hizo, mwambie hivyo hivyo kabla hajakata simu.