Mwalimu Specioza na mstari wa maji usiopanda

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Specioza Mabula anachora mistari miwili ubaoni, mmoja umelala, mwingine umesimama. Haandiki namba hata moja.

"Huu uliolala ni muda," anasema, akiugonga kwa kucha. "Huu uliosimama ni umbali kutoka nyumbani. Nani atanichorea safari yake ya leo kuja shule?"

Mikono inanyooshwa. Kidato cha pili hiki kina wanafunzi 94 ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45, na wa nyuma wamekalia matofali. Winnie, msichana mwembamba wa dawati la mbele, anachora mstari unaopanda taratibu, unalala kidogo, kisha unapanda kwa kasi.

"Hapa ulipolala?"

"Nilisimama kununua andazi, madamu."

"Na hapa?"

"Nilisikia kengele."

Darasa linacheka. Anayefuata, Athanasi, anachora mstari uliosimama wima kama mlingoti wa bendera. Mwalimu anautazama, anamtazama na yeye.

"Kwa hiyo hukutumia hata dakika moja njiani? Ulipaa?"

Kicheko tena. Mtu akiingia wakati huu, ataondoka akidhani amemwona mwalimu mwenye furaha kuliko wote mkoani Simiyu.

Lakini kwenye daftari lake la maandalio, swali la tatu linafuatwa na la tano. Swali la nne limekatwa kwa mistari mingi ya kalamu nyekundu, hadi karatasi imetoboka. Lilihusu maji ya kisima. Mwalimu Specioza halifundishi tena.

Ana miaka 41. Alizaliwa Malampaka, wilayani Maswa, baba yake akiwa kibarua wa kukarabati reli. Hesabu zilimshinda mpaka mwalimu mmoja alipomchorea treni inayotoka Malampaka kwenda Mwanza kwa mstari mtupu: inakwenda, inasimama, inakwenda tena.

"Siku ile nilielewa kwamba grafu ni mtu anasimulia jambo," anasema. "Mstari ukipanda, kitu kinaongezeka. Ukilala, kimetulia. Ukishuka, kinapungua. Mtoto akishika hayo matatu, namba hazimtishi."

Ndivyo anavyofundisha kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, katika shule ya kata iliyo kilomita kumi na tisa kutoka Bariadi mjini, ambayo ameomba isitajwe. Ni mwalimu pekee wa hisabati. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, yeye anaeleza kwa Kiswahili, na wanafunzi wanaelezana wao kwa wao kwa Kisukuma. Mwaka jana waliofaulu hisabati kidato cha pili walikuwa 11.

Kwandu Masalu angekuwa wa 12.

"Alikuwa mkimya, ila alikuwa anaona vitu," anasema mwalimu. "Wenzake wananakili ubao, yeye anauangalia."

Ilikuwa Oktoba mwaka jana, mvua za vuli hazijaanza. Swali la nne liliwataka wanafunzi wachore urefu wa maji katika kisima cha nyumbani kwao kwa siku tatu. Jibu alilotarajia lilikuwa meno ya msumeno: mchana watu wanachota, mstari unashuka, usiku maji yanarudi, mstari unapanda.

Kwandu alichora ngazi. Mstari unashuka mchana, usiku unalala, mchana unashuka tena, usiku unalala tena. Haukupanda popote.

Mwalimu Specioza aliweka mkasi mwekundu, alama ya kosa, na kuandika: *Maji hurudi usiku. Rudia.*

"Akanifuata mezani. Akaniambia, 'Madamu, kwetu hayarudi.' Nilikuwa na madaftari themanini mbele yangu. Nikamwambia, 'Maji ya kisima yanarudi, Kwandu. Kachore vizuri.' Akachukua daftari, akakaa."

Nje ya ofisi ya walimu, wanafunzi wanafagia.

"Kesho yake aliniletea meno ya msumeno. Nikampa vema. Alichora uongo kwa sababu mimi nilimwambia achore uongo."

Siku tisa baadaye, siku ya Jumamosi, baba yake Kwandu, Masalu, alishuka ndani ya kisima hicho kukiongeza kina. Kilikuwa cha kuchimbwa kwa mkono kando ya mto uliokauka, futi ishirini na zaidi, kuta za mchanga mtupu bila tofali wala simenti. Mdogo wake Masalu, aitwaye Salu, alishika kamba. Kwandu alikuwa akimwaga tope lililopanda na ndoo.

Salu anakumbuka kwamba kaka yake alipiga kelele mara moja tu, akiomba ndoo nyingine.

"Halafu nikasikia kamba imekuwa nzito," anasema. "Nikavuta. Nikavuta. Kuangalia chini, hakuna shimo. Kuna mchanga."

Kijiji kizima kilichimba, kwa majembe na kwa masufuria. Walimpata saa kumi jioni.

Mwalimu Specioza alifika msibani siku iliyofuata pamoja na mkuu wa shule, Josia. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majani makavu ya mahindi. Alimpa mkono mjane, Nyanjige, akatoa pole.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Nyanjige aliitikia. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga: "Mtoto alikwambia, mwalimu. Alitwambia nyumbani kwamba alikwambia."

"Hakuwa na hasira," anasema Specioza. "Ningeomba awe na hasira."

Mkuu wa shule, Josia, anasema amemweleza mara nyingi kwamba hana kosa. "Hata angejua, angefanya nini? Masalu alikuwa na watoto sita na ng'ombe watano. Angechimba tu."

Specioza amejiuliza hilo pia. "Kweli, angechimba. Lakini ningemuuliza mtoto swali moja: hayarudi tangu lini? Ningekwenda kuona. Labda ningesema wakiwekee kuta kwanza. Labda wasingenisikia. Sitajua, kwa sababu sikuuliza."

Wiki ya pili baada ya mazishi, alikusanya madaftari yote ya kidato cha pili na kulirudia swali la nne. Safari hii aliwaambia wachore wanachokiona, si anachokitaka. Michoro 31 ilikuwa na mstari usiopanda.

Aliipeleka kwenye ofisi moja mjini Bariadi. Anasema afisa aliyempokea aliipitia yote, tena kwa heshima.

"Akaniuliza, hapa ni mita ngapi? Nikasema sijui. Hapa ni lita ngapi? Sijui. Akaniambia, 'Madamu, hizi ni picha. Niletee takwimu.' Nami ndiye niliyewakataza wanafunzi namba."

Alirudi na kuwagawia wanafunzi kamba zenye mafundo, wapime. Walipima siku kumi na moja. Kisha mvua ikanyesha, visima vikajaa, na kamba zikageuka za kuanikia nguo. Aliporudi ofisini mwezi Januari na karatasi zenye namba, aliambiwa afisa yule amehamishwa.

Sasa ni Septemba. Mito imekauka tena. Wiki hii, ukipita barabara inayotoka shuleni kwenda kijijini, utaona malundo matatu ya mchanga mbichi karibu na visima vitatu. Watu wanachimba. Hakuna kisima hata kimoja kati ya hivyo kilichowekewa ukuta.

"Nimewafuata wote watatu," anasema mwalimu. "Mmoja aliniuliza kama nina maji ya kumpa. Nikaondoka."

Kwandu hakufanya mtihani wa Novemba. Nyanjige, akiwa na watoto sita, alimpeleka kwa shangazi yake Kiloleli, wilayani Busega, ambako anamsaidia kuuza dagaa. Mwezi Juni, Mwalimu Specioza alipanda basi kwenda kumwona.

Alimkuta gengeni, amejifunga kitenge, anapima dagaa kwa kopo. Wakasalimiana. Kwandu alimpisha kigoda.

"Akaniuliza, 'Darasani wamefika wapi?' Nikamwambia wenzako wako kidato cha tatu, wanasoma duara. Akasema, 'Mh.' Akanifungia dagaa kopo mbili, akakataa hela yangu. Nikakaa pale saa nzima nikiwa na neno mdomoni, likanishinda. Nikarudi Bariadi na dagaa."

Mkuu wa shule amekubali Kwandu aanze upya kidato cha pili mwezi Januari. Jina lake limeshaandikwa kwenye orodha, la mwisho, kwa mwandiko wa Mwalimu Specioza. Shangazi amesema kwenye simu kwamba hana pingamizi. Nyanjige amesema mtoto aamue mwenyewe. Kwandu, kila anapopewa simu, anasema atafikiri.

"Sina matumaini makubwa," mwalimu anakiri. "Ana miaka kumi na saba. Ameshazoea sokoni. Akija, atakuja kukaa kwenye darasa la mtu aliyemwambia arudie."

Hata hivyo, shule zikifungwa Desemba atakwenda Kiloleli. Akikataliwa, anasema, atakwenda tena Pasaka.

Na safari hii atamwambia nini?

Mwalimu Specioza anafunga madaftari kwa kamba ya katani, fundo moja, fundo la pili.

"Sitaanza na habari za shule. Nitamwambia mchoro wake wa kwanza ulikuwa sahihi. Mwaka unaisha, na bado sijamwambia."