Gia ya Pili ya Kompadre

"Nileteeni gari lolote lenye gia ngumu, hata lile alilozikwa nalo babu yenu! Likitoka kwangu, bibi kizee ataingiza gia ya pili kwa kidole kidogo. Nikishindwa, nanyoa hizi!"

Evodio Tlapale aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya kiti, kikombe cha pombe ya pulke mkononi, siku ya sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, padri akiwa palepale. "Hizi" zilikuwa sharubu zake. Pale Ocotal, mtaa wa mlimani juu ya Apizaco, sharubu hizo zilijulikana kuliko diwani, na zilionekana mtaani mara nyingi kuliko yeye.

Crispín akanyoosha mkono toka meza ya pili. "Basi anza na langu, kompadre. Mwezi mzima sasa nabeba gia kama nabeba jeneza."

"Lete kesho, kompadre! Kesho!"

Watu wakapiga makofi. Ingekuwa heri wangempiga yeye.

Evodio ndiye aliyemshika Citlali, binti pekee wa Crispín, siku ya ubatizo wake. Na huko, ukishamshika mtoto wa mwenzio juu ya yale maji, wewe na baba yake mmeshapita urafiki, mmekuwa kompadre. Kompadre hagombani na kompadre, hamwambii kazi yako mbovu, wala hapeleki gari lake kwa fundi mwingine. Evodio hakuwa na mtoto wa kwake. Mkewe aliondoka zamani na muuza magodoro, na godoro la ndani wakalibeba. Aliyembakia ni Citlali, ambaye kila Jumapili alimwita baba wa ubatizo na kumbusu mkono. Mwaka huo binti alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao huko msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Kwenye sherehe hiyo, baba akishacheza na binti, anayefuata kumshika mkono mbele za watu ni baba wa ubatizo. Evodio alikwishanunua viatu. Alikuwa akivivaa gerejini na kujizungusha peke yake kati ya matairi.

Gari la Crispín lilikuwa kijigari cheupe cha milango miwili, kikongwe, sakafu imeliwa na kutu hadi unaiona barabara ikipita chini ya miguu. Komadre Otilia, mama Citlali, alichoka kula vumbi. Mwezi mmoja kabla ya sikukuu akanunua zulia nene sokoni, akalikata, akalitandika upande wa dereva na kulipandisha hadi nyuma ya pedeli. Likapendeza kuliko sebule yao.

Lakini gari haliendi kwa kompadre likiwa chafu. Ingekuwa kama kwenda kuchumbia na matope miguuni. Kwa hiyo, kabla ya kulipeleka, Crispín alilitoa zulia, akalikung'uta, akalianika ukutani, akaliosha gari likang'aa, ndipo akateremka nalo.

Evodio akakaza kebo ya klachi. Wakajaribu barabarani, gia zikaingia bila kelele.

"Vipi, kompadre?"

"Inateleza kama dungusi la nopali lililochemka! Mungu akulipe."

Crispín akarudi nyumbani, akatandika zulia lake. Kesho yake asubuhi, kwenye mwinuko wa kanisa, mtaa mzima ukasikia: krrrrr!

Wanawake waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga mahindi wakaangua kicheko. "Evodio wee! Kompadre wako naye kaleta mahindi?"

"Kidole kidogo hicho! Kikubwa kikiingia je?"

Evodio akamwuliza Crispín jioni. Crispín, goti la kushoto limevimba kwa kukanyaga klachi, akajibu, "Nzuri sana, kompadre. Hao wanawake wana masikio ya punda." Angesema nini? Kumwambia kompadre kazi yako mbovu ni sawa na kumtemea mate.

Gari likaoshwa tena, likateremshwa tena. Evodio akabadilisha oili ya giaboksi. Likaoshwa mara ya tatu. Safari hii akashusha giaboksi nzima, akalala chini ya gari siku mbili na mgongo wake mbovu, akaweka bushi mpya na klachi mpya kwa fedha yake. Kila mara gari lilitoka gerejini laini, na kila mara lilifika kwenye mwinuko wa kanisa likisaga. Evodio akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kununua chapati zake za tortilla.

Mwishowe goti lilimshinda Crispín. Siku ya soko akavuka reli hadi kwa Rutilio, fundi asiyemhusu kwa lolote. Kwa Rutilio hakuosha gari. Mgeni humpelekei heshima, unampelekea gari.

Rutilio akakanyaga klachi mara moja, akainama, akalivuta zulia, akalitupa nje. "Pedeli haifiki chini, mzee. Endesha."

Gia ya pili ikaingia kwa kidole kidogo.

Rutilio alilisimulia soko zima kabla nyanya hazijaisha. Jioni Evodio alikuwa mlangoni kwa Crispín, na majirani nao madirishani.

"Umelipeleka gari kwa Rutilio, kompadre?"

"Goti, kompadre. Goti liliniua."

"Na zulia? Mara tatu unaniletea gari, zulia umelificha wapi?"

"Sikulificha! Nililitoa kwa heshima yako. Ningekuleteaje uchafu?"

"Ungeniletea uchafu wako wote, bwana! Heshima yenu ndiyo imeninyoa! Mkeo angebaki na masufuria yake, asingeua klachi za watu!"

Otilia akatokea nyuma ya mumewe. "Mtaje tena mke wa mtu, fundi."

Alisema fundi. Hakusema kompadre. Evodio angeweza kunyamaza, na yote yangeisha kwa bakuli la pulke. Lakini haikuwa mara ya kwanza mdomo wake kukosa breki.

"Basi tafuteni mwingine wa kucheza na binti yenu!"

Wakatafuta. Alikuja mjomba toka Puebla, mwenye suti.

Evodio alinyoa sharubu asubuhi ya sherehe. Hakuna aliyeziulizia, kwa kuwa hakuna aliyepita. Akakaa gerejini na viatu vipya miguuni, akisikiliza muziki ukishuka mlimani. Jioni jirani akamletea sahani ya bata mzinga kwenye mchuzi mzito wa mole, imetumwa na Otilia. Kwenye sherehe zao, paja la bata mzinga ni la baba wa ubatizo. Kwenye sahani kulikuwa na bawa, kama wanavyopelekewa majirani.

Zulia lile, sokoni Apizaco, ni peso themanini tu.