Gari Refu na Magoti ya Mke Wangu

Gari nililinunua kama ng'ombe. Sikujua namna nyingine. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo macho yangu yalisomea mnadani. Ng'ombe humtazami usoni, maana usoni kila ng'ombe ni mpole. Unazunguka nyuma, unaangalia anavyosimama, unambonyeza mgongo, unampanua mdomo, halafu unamwambia mwenye mali, "Mtembeze." Kwa macho hayo nilitoka kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu mpaka nikawa na mashine yangu ya kukamua alizeti, na sijawahi kuuziwa mnyama mgonjwa. Sasa nieleze vipi kwamba niliuziwa gari zima, lisilo na ugonjwa wowote, na bado nikapatikana?

Sababu ya kununua ilikuwa moja. Mke wangu ana dada yake Ilongero, na kwa mama yao wamebaki hao wawili. Dada hawezi kuja kwetu Mandewa, kwa kuwa mume wake amelala kitandani na hageuki bila kugeuzwa. Mke wangu naye magoti yamemkataa. Zamani alikwenda kwa bodaboda. Ikafika siku akashindwa kuinua mguu kuvuka siti, akarudi ndani, akavua khanga zake za safari. Taksi za mjini ziko chini, na njia ya kuingilia kwa shemeji ni mbuga. Mvua ikinyesha, lile tope jeusi linashika gari kama ulimbo unavyoshika ndege.

Nikamwambia, "Mama, nanunua gari refu. Nitakupeleka mpaka mlangoni."

Mwanangu aliyeko Dodoma akanipigia simu. "Baba, nenda na mama mkaliangalie wote."

"Ng'ombe hanunuliwi na kamati," nikamjibu, nikakata simu. Nilijiona nimesema neno kubwa sana.

Kule yadi nilikwenda na koti langu la harusi. Kijana muuzaji akaniamkia vizuri, akanionyesha gari la siti saba, si dogo si kubwa. "Hii ni gari ya familia, mzee wangu. Hii ni ful, kila kitu kimo." Sikumsikiliza. Nikazunguka nyuma, nikabonyeza boneti, nikapiga magurudumu teke, nikalala chini na koti langu.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Tumbo."

"Gari haina tumbo, mzee."

"Ndiyo maana nimelipenda."

Chini ya lile gari angepita mbwa amesimama. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, vya kiheshimiwa. Mlango ukiufunga unasema "pu!" na dunia yote inanyamaza. Nikasema, "Litembeze." Likatembea. Nikalipa.

Lilikuwa limetoka Japani, na ukiliwasha kuna mwanamke anazungumza humo ndani Kijapani, kwa adabu kabisa. Sikumuuliza mtu anasema nini. Mtu wa rika langu haulizi. Kila asubuhi nilimjibu "Salama," tukaondoka.

Siku niliyolifikisha nyumbani mke wangu alitoka amevaa zile khanga. Akafungua mlango, akatazama pale pa kukanyaga. Palimfika karibu na kiuno. Akashika mlango, akainua mguu, ukafika nusu, ukarudi chini.

"Baba watoto, lina ngazi?"

"Halina."

"Basi umemnunulia nani?"

Nikaleta kigoda cha jikoni. Kikayumba, akaning'inia mlangoni kama nguo iliyoanikwa. Nikasema ngoja nikubebe. Akanitazama. "Mimi si gunia la alizeti." Akaingia ndani, na kigoda kikakatazwa kutoka jikoni.

Mtu mwenye akili angelirudisha gari. Mimi nilitoka nalo. Nikaenda nalo Ikungi siku za mnada, nikaenda nalo misibani, nikawapakia wake za watu waliokuwa na magoti mazuri. Nikizilaza siti za nyuma napakia mashudu ya alizeti. Kila aliyeniuliza likoje nilimjibu, "Halina kasoro." Mzee mmoja tuliyeswaga naye ng'ombe ujanani akachungulia ndani. "Wanasema ni gari la familia. Familia iko wapi?"

"Nyumbani."

"Na huyu mwanamke anayeongea?"

"Huyo ni wa Japani."

"Aa. Umeongeza wa pili na wa kwanza hujamwambia." Mnada wote ukacheka. Nikacheka na mimi, kwa meno tu.

Kisha shemeji akapiga simu, na mke wangu akaiweka sauti kubwa makusudi nisikie. "Mdogo wangu, mgonjwa anazidi kuisha. Mimi sitaki tuonane kwenye msiba. Nataka tuonane kabla." Mke wangu akajibu, "Nitakuja," halafu akanitazama mimi, si gari.

Sikuona njia mpaka alipokwenda kuanika mtama. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe bapa. Upande mmoja linaanza sawa na ardhi, upande wa pili limeinuka. Nikamwona amesimama juu yake, nyayo zake zimelingana kabisa na pale pa kukanyaga pa gari langu. Nikalirudisha gari kinyumenyume, yule wa Japani akipiga kelele, mpaka ubavu ukakaribia jiwe. Nikafungua mlango. Mke wangu akaweka ungo chini, akaingia kama anaingia chumbani.

"Jiwe hili lilikuwepo siku zote," akasema.

Nilijua.

Kwenye mbuga lilipita. Hapo sisemi uongo. Tulikuta trekta imezama mpaka ekseli na dereva wake amekaa pembeni anakula miwa, sisi tukapita. Mke wangu akasema, "Linapita." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kulipa gari lile, na nusura nisimamishe nishuke hapo hapo nicheze.

Shemeji akatoka mbio kutupokea. "Shikamoo dada!" mke wangu akaita kutoka juu. Nikafungua mlango kwa mbwembwe. Mke wangu akatazama chini. Mimi nikatazama huku na huku. Uwanja wa shemeji ni tambarare kama meza.

Nilifikiria kupanda. Kushuka sikukufikiria.

"Shemeji," dada mtu akaniambia, mikono kiunoni, "kule mnadani ng'ombe wanashukaje kwenye lori?"

"Kuna tuta la udongo."

"Ng'ombe mnawajengea tuta. Mdogo wangu umemletea ukuta."

Yeye ni rika langu, lakini mwembamba na magoti yake yanamtii. Akaparamia kama mbuzi, akaketi karibu na mdogo wake, akashikwa mkono. Kabla hajafunga mlango akanituma. "Kakae na mwenzako. Mgeuze upande wa kulia." Kisha "pu!" Vioo vyeusi, na sauti haitoki. Heshima yote niliyoinunua ikawa yao.

Mgonjwa nilimgeuza. Amebaki mifupa, lakini macho ni yale yale. Naye aliwahi kuwa mtu wa ng'ombe.

"Nimesikia mngurumo," akasema. "Mimi sitoki kuliona. Niambie likoje."

"Nikwambie kweli, au nikwambie kama ninavyowaambia watu wa Ikungi?"

"Mimi wa kudanganywa wa nini?"

Nikamwambia. Nguvu linazo, mgongo mgumu, tope halilitishi. Linakunywa mafuta kama ndama aliyefungiwa asinyonye. Siti za nyuma kabisa ni za watoto, mtu mzima anakaa magoti yamegusa kidevu. Hewa yake ni baridi nzuri. Miguu ni mirefu, na miguu hiyo niliisifu mimi mwenyewe nimelala chini yake, wala sikukumbuka aliyeningoja nyumbani ana magoti gani.

Akacheka mpaka nikaogopa kifua chake. "Kwa hiyo ulimpima ng'ombe, hukumpima mkamuaji."

Jua lilipoanza kushuka nilitoka. Chai walipelekewa, mke wangu yake hakuigusa. Sababu aliijua mwenyewe, maana asingeweza kushuka. Nikasimama kando ya gari langu, la pesa yangu, nikagonga kioo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwenye gari."

Kioo kikashuka kidogo. Niliona macho ya mke wangu, yamelia na kucheka. "Ngoja," akasema. "Bado hajaniambia ya mwaka huu. Na mgonjwa sijamsalimia."

Kikapanda.

Nikavua koti, nikalitundika kwenye kioo cha pembeni, nikaenda kuomba jembe. Nilikuwa nimeshainua tuta la udongo la kufika magotini, natokwa jasho, kioo kilipofunguka tena. Safari hii alikuwa shemeji.

"Lifanye pana," akasema. "Na ulishindilie vizuri. Atakuja tena."