Aliacha Mwenyewe, Hakufukuzwa

Msomaji wangu, leo usinitafutie mzaha. Simu ilinikuta Kabezi nikiwa kwenye shughuli za arusi. Alikuwa binti wa mzee mmoja rafiki yangu, na alisema maneno machache tu: "Mwalimu ametutoka, tunamuzika kesho." Hakuwa ndugu yangu wala hatukuwa wa dini moja. Mimi nilizaliwa kwa Waswahili wa Rumonge, mtoto wa msikitini. Yeye alikuwa katekista wa kigango kimoja cha Kikatoliki huko juu ya barabara, kwenye michikichi. Lakini tulizungumza miaka mingi, na mtu uliyezoea kuzungumza naye akiondoka, unajikuta una maneno na huna wa kumpelekea. Asubuhi nilipanda gari la abiria, nikapita Muhuta huku ziwa likiwa mkono wa kulia, nikawahi maziko. Nilikwenda na huzuni. Nimerudi na hasira, na kwa kuwa wahariri wangu bado wananiachia nafasi hii, hasira hiyo nitaimwaga hapa. Walimzika yule mzee kwa uongo, tena uongo wenyewe ulihusu tendo lake lililo bora kuliko yote niliyowahi kuona akifanya.

Alikuwa mmoja wa wale waliokimbia wakiwa vijana na kurudi na wajukuu. Ukimbizini Tanzania, kambini, ndiko alikofundishwa kazi ya ukatekista, na ndiko alikopata jina la Mwalimu. Aliporudi, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na Kirundi chake kina kutu, na watu wa kilima chake, maana kwetu kijiji ni kilima, walimcheka. Ndiyo maana alishuka kwetu mtaa wa Waswahili kutafuta mtu wa kuongea naye bila kuchekwa. Sisi nasi tulimcheka, ila kwa sababu nyingine: tulisema anaongea kama radio. Padri alifika kigangoni kwake mara moja moja. Jumapili nyinginezo zote Mwalimu ndiye aliyeongoza ibada, ndiye aliyefundisha wanaotaka ubatizo, ndiye aliyezika. Siku za kazi alikuwa na michikichi yake, anakamua mawese kama majirani zake.

Na kwenye mashine ya kukamulia mawese ndipo habari ya Papa ilipotukuta. Nilikuwa nimekwenda kununua mafuta ya nyumbani. Ngazi, yale matunda ya mchikichi, zilikuwa zinachemka kwenye mapipa, vijana wanasukuma mti wa mashine, radio imening'inizwa kwenye msumari. Msomaji wa habari akasema Papa ametangaza kujiuzulu, umri umekwenda na nguvu zimemwishia. Watu wakasimama. Mti wa mashine ukasimama pia. Kisha kila mtu akawa mtaalamu wa mambo ya Roma. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuwa wa kwanza: "Bamemufukuza! Mutu hawezi kuacha kiti kama ile bure bure." Mwenye mashine akasema labda amelogwa. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, Mwislamu mwenzangu asiyejua kunyamaza, akachekelea: "Ninyi Bakatoliki muko na shida. Sasa mutakuwa na Papa mbili, mutamusikiliza nani?" Mwingine akakata shauri kabisa: "Iko kitu alifanya. Ngojeni, itatoka tu."

Mwalimu aliwasikiliza wote, halafu akasema, "Jamani, ameshasema mwenyewe kwamba nguvu zimemwishia. Mnataka aseme nini kingine?" Yule mama akamjibu kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto: "Mwalimu, ile ni maneno ya radio." Mti wa mashine ukaanza kusukumwa tena na mambo yakaishia hapo, kwao. Kwa Mwalimu hayakuishia hapo. Alinisindikiza mpaka barabarani, akiwa amenishikia dumu langu, na njiani akaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe inawezekana. Miaka yote hii nilidhani haiwezekani."

Ili umwelewe, na ili uwaelewe wale wa mashineni, lazima ujue jinsi tunavyoliona jambo hili huku kwetu. Mushingantahe, yaani mzee wa baraza anayeamua kesi za kilima, akisha kuapishwa mbele ya watu na kupewa fimbo yake, hatoki. Anabaki mushingantahe mpaka anaingia kaburini. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: afanye aibu, aibe, aseme uongo kwenye kesi, na wenzake wamvue. Basi sisi tumelelewa tukijua kwamba mtu mwenye heshima ama amekufa na heshima yake ama amenyang'anywa. Akili zetu hazina mahali pa kumweka mtu aliyeinuka kwa hiari yake. Kwa hiyo Roma nzima tuliipima kwa fimbo ya kilima chetu, tukahukumu kwamba Papa amevuliwa.

Mwalimu alikuwa na sababu zake za kulitafakari jambo lile. Kumbukumbu ilikuwa inamtoroka. Jumapili moja, kwenye kuwaombea marehemu, alimtaja mama aliyekuwa amekaa benchi ya mbele. Mama akainuka: "Mwalimu, mimi niko hapa!" Kanisa zima likaangua kicheko, na hilo alinisimulia huku naye akicheka. Lililomchoma ni jingine. Aligundua kwamba alikuwa amewafundisha watu wa ubatizo somo lile lile, asubuhi ile ile, mara ya pili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Walikaa wakamsikiliza kwa adabu. "Wananiheshimu mpaka wataangamia," aliniambia, na safari hii hakucheka. Basi akapiga moyo konde, akamwendea padri, akaomba atafutiwe mtu wa kumpokea. Kisha Jumapili, akiwa amesimama na koti lake, akawaambia watu wake wazi kwamba nguvu zimemwishia, kama yule Papa alivyosema, na kwamba kuanzia siku ile ataketi nao kwenye mabenchi.

Haikupita wiki, wazee wakaja kwake. Mimi nilikuwepo, nimekaribishwa chai. Walisalimia vizuri, amahoro kwa amahoro, wakakaa, wakakohoa. Mkubwa wao akaanza: "Mwalimu, tumekuja kukusaidia. Sisi iko batu yako. Sema tu ukweli: Padri amekukamata na nini?"

"Hajanikamata na kitu. Nimechoka, nasahau mambo. Nilimwomba mwenyewe."

Wakatazamana. "Ni mambo ya sadaka?"

"Hapana."

"Basi ni mwanamuke."

Hapo mkewe akatokea jikoni na sufuria mkononi. "Mwanamuke gani?" akawauliza. "Huyu hata jina langu anatafuta kwanza!" Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wazee hawakucheka. Walikunywa chai yao, wakaaga, na kabla jua halijazama kilima kizima kilikuwa kimeshajua kwamba Mwalimu anaficha jambo zito sana, zito kiasi kwamba hata mkewe anamsaidia kulificha.

Kuanzia siku hiyo nilishuhudia jinsi watu wema wanavyoweza kummaliza mtu taratibu bila kumtupia hata jiwe. Zamani hakuna posa iliyokwenda bila yeye. Ndiye aliyekuwa msemaji wa familia za watu, kwa kuwa alijua kusema. Waliacha kumwita. Vijana wa stendi wakampa jina la Kifaransa cha mtaani, Muzee Demisyo, yaani mzee wa kujiuzulu, na akipita walimwita hivyo usoni pake, naye anaitika. Binti yake mdogo alipoposwa, wakwe walituma mtu kwanza kuja kuchunguza baba alifukuzwa kwa kosa gani. Hakuna aliyeleta ushahidi, maana haukuwepo. Na kila alipokataa kwamba alifanya kosa, walimwona mkaidi. Nawauliza wale waliomfanyia haya, na najua baadhi yenu mnanisoma: mlitaka aibe kidogo ili roho zenu zitulie?

Ninyi hamkumwona nilivyomwona mimi. Tulikutana kwenye maziko ya jirani yetu mmoja, katekista mpya akiongoza sala. Kijana wa watu akapotea katikati, akageuza kurasa mbele na nyuma, jasho linamtoka. Watu wote wakageuza shingo kumtazama Mwalimu, aliyekuwa amesimama nami nyuma kabisa. Mwalimu akainama, akaanza kufunga kamba za viatu vyake, na hakuinuka mpaka kijana alipojipata mwenyewe. Baadaye nilimuuliza kama alipajua mahali pale, au napo palikuwa pameshamtoka. "Pale nilipajua sana," alisema. "Lakini ningefungua mdomo leo, Jumapili wangenirudisha mbele." Waliomwita mkaidi hawakuijua nidhamu ile. Na yule Papa mstaafu alipofariki, miaka mingi baada ya kujiuzulu, nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye jamvi anachambua chikichi. Watu waliokuwa wanapita wanashangaa, kumbe Papa yule alikuwa bado hai! Yeye akaniambia kwamba mwenzake amepumzika mara mbili.

Sasa nije kwenye maziko yake. Mnajua kwetu hapaziki mtu bila hotuba, na mwenye hotuba alikuwa mwenyekiti wa baraza la kigango, mmoja wa wale waliokunywa chai siku ile. Akasimama na suti yake, akasema: "Mwalimu wetu alitumikia mpaka pumzi ya mwisho. Hakuachia kazi hata siku moja. Kifo kilimukuta kwenye kazi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Watu wale wale waliomwita Muzee Demisyo! Damu ilinichemka, msomaji. Nilisubiri udongo urudishwe, nikasubiri tunawe mikono, kisha nikamfuata. Nikamuuliza kwa nini amedanganya mbele ya jeneza. Hakukasirika. Alinishika bega kwa upole, akanijibu: "Muzee, ungependa niseme aliacha kazi? Mbele ya bakwe zake? Tumemusitiri. Ile kitu iishe na yeye." Alikuwa anaamini kabisa kwamba amemtendea marehemu wema. Alimvika kilemba cha ukoka, na akangojea nimshukuru.

Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Wangekuwa wabaya, ningewatukana tu nikaenda zangu. Lakini ni watu wanaosaidiana kulima, wanaobebana kwenda hospitali, na bado wameona kuondoka kwa heshima ni uchafu unaotakiwa kufunikwa na udongo. Matokeo yake yako wapi? Yako kila mahali kando ya ziwa hili. Iko timu ya mpira ambayo mwenyekiti wake hakumbuki tena wachezaji wake ni akina nani. Kuna ushirika wa wavuvi unaoongozwa na mgonjwa kitandani, na karatasi zinapelekwa huko kutiwa kidole. Na sisi Waislamu tusijifanye tunatazama ya jirani: kuna misikiti ambayo adhana inatolewa na sauti iliyokwisha kufa, na wenye sauti wamejaa safu ya mbele, kimya. Viti vikubwa zaidi ya hivyo sivisemi, nina familia. Kila mmoja wa wazee hao anajua kwamba amechoka. Anajua pia kwamba akiinuka tu, jioni yake tutakuwa tumeshamtafutia mwanamke na sadaka zilizopotea. Kwa hiyo anakaa. Tunamlaani kwamba ameng'ang'ania, na gundi ni sisi tulioipaka.

Nilipokwenda kumuaga mkewe, alikuwa amekaa ndani na wanawake wenzake, na kumbe hotuba ile ilikuwa imemuuma kuliko ilivyoniuma mimi. Hakulia. Aliniuliza, "Wewe si ndiye unaandikaka kwa gazeti?" Nikasema ndiye. "Basi andika. Bamemuita mwizi miaka yote, alinyamaza. Leo bamesema hakutoka, na yeye hana tena kinywa ya kusema. Andika alitoka mwenyewe. Ile Jumapili nilimushikia koti, akanivuta sikio akaniambia, 'Mama, leo nimefanya kitu kigumu.' Kwa nini banamunyang'anya ile?" Wale wanawake walitazama chini, nami nikamwahidi kwamba nitaandika.

Basi naandika, mama. Naandika kwamba mumeo aliacha ukatekista mwenyewe, kwa miguu yake, na akili zake zikiwa bado zinatosha kujua kwamba hazitatosha kesho. Hakufukuzwa na padri, hakukamatwa na chochote, na kifo hakikumkuta kazini. Kilimkuta amekaa na watu kwenye mabenchi, mahali alipochagua. Na wewe unayenisoma, siku mzee wako atakapokuambia amechoka, usimuulize amefanya nini. Muulize nani atampokea, kisha msogezee nafasi akae karibu yako.